Mzaliwa wa Nairobi aliyemkinga Russell Wilson kwa mechi saba

RUSSELL Wilson alikuwa ndio kwanza arudi nyuma hatua moja alipokanyagwa mguu na mtu wa timu yake mwenyewe.

Ilikuwa Januari 14, 2017 jijini Atlanta, katika hatua ya mchujo ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL. Seattle Seahawks walikuwa wakiongoza wenyeji wao Atlanta Falcons kwa alama 10-7, ila walikuwa wamebanwa karibu kabisa na mstari wa goli lao. Wilson, kwotabeki wa Seattle na mmoja wa wachezaji mashuhuri zaidi wa ligi hiyo wakati huo, alipokea mpira na kuanza kurudi nyuma ili atafute mtu wa kumrushia. Mguu wa mwenzake ukatua juu ya wake. Akaanguka ndani ya eneo lake la hatari, na kwa mujibu wa kanuni za mchezo huo Falcons wakapewa alama mbili pamoja na haki ya kuumiliki mpira. Kuanzia hapo mambo yaliwaendea Seattle kombo. Walilala 36-20 na kuyaaga mashindano, huku Falcons wakisonga mbele hadi fainali ya Super Bowl.

Mwenye mguu huo alikuwa Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi.

Nchini Kenya ilikuwa usiku wa manane wa kuamkia Jumapili, na ni wachache mno waliokuwa macho kushuhudia. Hata waliokuwa macho huenda hawakujua kwamba jitu lile lenye kofia ya chuma usoni lilikuwa na jina wanalolifahamu. Nao Wamarekani walioitazama mechi hiyo walilitaja jina la Odhiambo kwa sababu moja tu: alikuwa amekosea. Hayo ndiyo maisha ya mchezaji wa nafasi yake. Afanyapo kazi yake vyema mara sitini katika mechi moja, hapana anayemtaja. Akiteleza mara moja, picha yake hurudiwa katika runinga wiki nzima.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe.

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kwa 11, na mpira wake una umbo la yai mithili ya ule wa raga. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne, na hivyo hivyo hadi ifike upande wa pili na kufunga, jambo linalofanana na trai katika raga. Ikishindwa, hulazimika kuusalimisha mpira. Kila jaribio huanza kwa wachezaji kujipanga ana kwa ana, nyuso zikitazamana kwa umbali usiozidi hatua moja.

Katika timu inayoshambulia, watano kati ya hao 11 ni wakingaji. Mmoja hukaa katikati, naye ndiye anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda kwa kwotabeki. Wawili humzunguka, mmoja kila upande, na wawili wa mwisho husimama pembeni. Sheria haiwaruhusu kudaka pasi, isipokuwa mmoja wao awe amejitambulisha kwa refa kabla ya mpira kuanza. Hawafungi wala hawakimbii na mpira. Hata katika takwimu rasmi za mchezo, ambazo huhesabu karibu kila kitu, wakingaji hawana safu yao. Kazi yao ni kumzuia mtu aliye mbele yao asimfikie mwenye mpira.

Kazi hiyo yaonekana nyepesi mpaka mtu amtazame anayezuiwa. Mlinzi wa pembeni wa timu pinzani anaweza kuwa na uzani wa kilo 120 na mbio za mwanariadha. Ana ruhusa ya kushika, kuvuta na kusukuma. Mkingaji yeye haruhusiwi kumkumbatia mpinzani wala kumvuta jezi. Akifanya hivyo timu yake hurudishwa nyuma yadi 10. Hadi mwaka wa 1978 hakuruhusiwa hata kuinyoosha mikono yake apigapo kinga. Alilazimika kuikunja kifuani kama bondia anayejihami. Kanuni ilipolegezwa, mikono ikawa ndiyo silaha yake kuu. Anayemwahi mwenzake kwa viganja kifuani huwa ameshinda nusu ya pambano.

Nusu ya pili iko miguuni. Kwotabeki anapotaka kurusha mpira, mkingaji wa pembeni hurudi nyuma kwa hatua fupi fupi za mshazari, makalio yakiwa chini, mgongo umenyooka, macho kwenye kifua cha mpinzani. Akiruka juu, atasukumwa. Akiegemea mbele, atavutwa aanguke. Akirudi kwa kasi kupita kiasi, mpinzani atakata kona ndani na kumwacha akikinga hewa. Anahitaji kustahimili hali hiyo kwa takriban sekunde mbili na nusu, ambazo ndizo kwotabeki wa kawaida huhitaji ili kuamua na kurusha. Kisha ajipange tena, na tena, mara sitini au sabini katika jioni moja.

Pembe ya kushoto ndiyo ngumu kuliko zote. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia hugeuza mwili wake kulia arushapo, hivyo mgongo wake hubaki wazi upande wa kushoto. Novemba 18, 1985, Lawrence Taylor wa New York Giants alimkwida Joe Theismann wa Washington na mguu wa Theismann ukavunjika mbele ya kamera za televisheni. Theismann hakucheza tena. Tangu siku hizo klabu za NFL zimekuwa radhi kutoa fedha nyingi kwa ajili ya mtu mmoja mkubwa, mwepesi wa miguu, wa kusimama upande huo wa kushoto. Mnamo 2024 Tampa Bay walimwongezea Tristan Wirfs, mkingaji wao wa kushoto, mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 140.

Hapo ndipo aliposimama Odhiambo mwaka wa 2017.

Alizaliwa Nairobi Septemba 1992. Familia yake ilihamia Marekani akiwa na umri wa miaka saba, ikakaa katika jimbo la Texas, ambako futiboli ya shule za upili huvutia umati ambao klabu nyingi za Ligi Kuu ya Kenya zingeuonea wivu. Alisomea Mansfield Legacy, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Boise State katika jimbo la Idaho, chuo kinachojulikana kote Marekani kwa uwanja wake wenye nyasi bandia za rangi ya samawati. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 193 na uzani wa kilo 142.

Kwa mkulima wa Kanja katika Kaunti ya Embu, kilo 142 ni gunia moja na nusu la mahindi, lile gunia la kilo 90 ambalo wanaume wawili huinua pamoja kulipakia kwenye gari. Kijana wa miinuko hiyo ya Embu na Meru, kunakolimwa chai na kahawa, akifikia uzani kama huo huambiwa na mwalimu wa michezo arushe tufe, au akiwa na bahati ya kusoma mahali penye raga, asimame mbele ya skramu kama propu. Aghalabu huambiwa apunguze kula. Texas, kijana wa namna hiyo hupewa kocha wa kumfundisha namna ya kuweka nyayo zake.

Boise State ilimfunza Odhiambo vyema, lakini mwili wake ulimlipisha. Miaka yake ya chuo ilikatizwa mara kwa mara na majeraha, na msimu wake wa mwisho, 2015, ulikoma mapema alipovunjika kifundo cha mguu. Wachunguzi wa vipaji waliomtazama waliandika takriban jambo lile lile: ana nguvu, ana akili ya mchezo, ila je, atadumu? Katika uteuzi wa wachezaji wa vyuo uliofanyika Chicago Aprili 2016, majina 96 yaliitwa kabla ya lake. Seattle wakamchukua katika raundi ya tatu, akiwa wa 97. Katika uteuzi huo huo walikuwa tayari wamemtwaa Ifedi, mkingaji mwingine mwenye asili ya Afrika, mtoto wa wazazi kutoka Nigeria. Ni Ifedi huyo ambaye kuumia kwake Atlanta kulimwingiza Odhiambo uwanjani usiku ule wa Januari.

Ifahamike kwamba Odhiambo hakuwa Mkenya wa kwanza kufika NFL. Heshima hiyo ni ya Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyesomea Strathmore jijini Nairobi, akacheza Afrika Kusini na New Zealand, kisha akasajiliwa na Indianapolis Colts Julai 2013 ilhali hajawahi kucheza futiboli ya Kimarekani hata siku moja. Desemba 8 mwaka huo aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati. Vyombo vya habari vya Kenya vilimfuatilia Adongo kwa shauku kubwa, na haikuwa ajabu, kwa kuwa mashabiki wa raga walimjua tangu utotoni. Aliachwa na Colts 2015 baada ya kucheza mechi chache. Odhiambo aliondoka nchini akiwa mtoto wa shule ya msingi, hakuacha nyuma klabu wala kocha wa kumwonea fahari, na nafasi aliyoicheza haipendi kamera. Hata hivyo, kwa kipimo cha mechi alizoanza, alifika mbali kuliko Adongo.

Mwaka wake wa kwanza ulikuwa wa kukaa kwenye benchi na kujifunza. Seattle ya mwaka 2016 ilikuwa timu ya ajabu kidogo. Ulinzi wake uliogopwa na ligi nzima, na mashabiki wake walikuwa wamewahi kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kelele za uwanjani. Lakini safu yake ya wakingaji ndiyo iliyokuwa ikilipwa fedha kidogo zaidi katika NFL yote. Kocha Pete Carroll na msaidizi wake Tom Cable waliamini wangeweza kuwaokota watu wenye miili mizuri kutoka popote na kuwafunza. George Fant, aliyesimama kushoto kwa sehemu kubwa ya msimu huo, alikuwa mchezaji wa mpira wa vikapu chuoni. Matokeo yake yalionekana kila wiki: Wilson akikimbia huku na huko kuyanusuru maisha yake.

Ni rahisi kulaumu mguu mmoja uliokanyaga mwingine. Ni vigumu zaidi kuuliza kwa nini timu iliyokuwa na kwotabeki wa thamani ya mamilioni iliamua kumkinga kwa bei ya chini kiasi hicho.

Agosti 2017, katika mechi ya kujipima nguvu dhidi ya Minnesota, Fant aliumia kano za goti na msimu wake ukaisha kabla haujaanza. Pembe ya kushoto ikabaki tupu, na Odhiambo, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameingia kwenye nafasi za ndani, akaambiwa aijaze. Msomaji aliyewahi kucheza kandanda anaweza kuwaza mlinzi wa kati wa akiba anayeambiwa, wiki tatu kabla ya ligi kuanza, kwamba sasa atakuwa beki wa pembeni na kila Jumapili atakabiliana na winga mwenye kasi zaidi wa wapinzani, bila msaada.

Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini Green Bay, Septemba 10. Seattle walipoteza 17-9. Wiki iliyofuata waliwalaza San Francisco 12-9, kisha wakafungwa na Tennessee 33-27. Wachambuzi wa Marekani hawakumpa Odhiambo nafasi ya kupumua. Kila alipopitwa, kanda ilipunguzwa kasi na kuchorwa mishale. Majaribio ambayo alimsimamisha mtu wake barabara hayakuoneshwa, kwa kuwa hayana la kuonesha: watu wawili wakubwa wamesimama wakisukumana, na mpira umekwisha kwenda.

Kisha ikaja mechi ya Oktoba 1 dhidi ya Indianapolis mjini Seattle. Ilianza jioni ya huko, ambayo kwa Kenya ni saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Magazeti ya Nairobi siku hizo yalikuwa yamejaa habari za marudio ya uchaguzi wa urais, na hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Katika mechi hiyo Odhiambo aligongwa kifuani kwa kishindo. Aliendelea kucheza, Seattle wakashinda 46-18, watu wakaanza kusherehekea. Baada ya kipenga ndipo alipoanza kushindwa kupumua vizuri. Alikimbizwa hospitalini na kulazwa usiku kucha. Ilibainika kuwa mfupa wa kidari ulikuwa umechubuka.

Siku saba baadaye, Oktoba 8, Seattle walikuwa Los Angeles kucheza na Rams. Odhiambo alikuwa pale pale kwenye pembe yake ya kushoto.

Mtu aliye nje ya michezo ya kulipwa anaweza kuliona jambo hilo kama ushujaa, au kama wazimu. Aliye ndani ana hesabu nyingine. Mikataba mingi ya NFL, hasa ya vijana waliochaguliwa katika raundi za katikati, haina uhakika wa kulipwa hadi mwisho. Klabu inaweza kumwacha mchezaji siku yoyote na kubaki bila deni kubwa. Anayekaa nje kwa jeraha humpa mwingine nafasi ya kuonekana. Mshahara wa chini kabisa kwa mchezaji mpya mwaka 2016 ulikuwa dola 450,000, yaani takriban Sh45 milioni kwa viwango vya wakati huo, kabla ya kodi. Ni fedha nyingi. Lakini chama cha wachezaji kimekuwa kikisema kwa miaka mingi kwamba wastani wa muda wa mtu kudumu NFL ni kama miaka mitatu hivi, na kwamba sharti la kupata pensheni ni kufikisha misimu mitatu. Mchezaji anayefahamu tarakimu hizo mbili hupima maumivu ya kifua kwa mizani tofauti na ya daktari.

Seattle waliwashinda Rams 16-10, wakapumzika wiki moja, wakawacharaza Giants 24-7. Oktoba 29 wakawakaribisha Houston Texans katika mchuano uliokuja kuwa mmoja wa mizuri zaidi ya msimu ule. Wenyeji walishinda 41-38, na Wilson akarusha mpira mechi nzima mithili ya mtu asiye na wasiwasi. Ilikuwa mechi ya saba mfululizo kwa Odhiambo kuanza kushoto.

Ubavu wa kushoto wa Houston siku hiyo ulikingwa na Duane Brown, mkongwe mwenye umri wa miaka 32 aliyekuwa ametoka kumaliza mgomo wake baada ya mzozo wa mkataba na klabu. Alicheza mechi hiyo moja tu. Siku iliyofuata, Oktoba 30, Seattle walitangaza wamemnunua kwa kutoa haki zao za kuteua wachezaji wawili katika raundi za mapema. Brown akabadilisha chumba cha kuvalia. Odhiambo akarudi benchi, na kabla msimu haujaisha akawekwa katika orodha ya majeruhi.

Mnamo 2018 Seattle walimwacha. Alipita kwa muda mfupi Atlanta, timu ile ile iliyofaidika na mguu wake, na Arizona. Baada ya hapo jina lake likatoweka katika ligi. Mechi zile saba za Septemba na Oktoba 2017 ndizo kilele cha kazi yake ya kulipwa.

Je, ni kushindwa? Hesabu ndogo yaweza kusaidia. Ligi ina klabu 32, na kila klabu ina mkingaji mmoja wa kushoto anayeanza. Kwa miezi miwili mzaliwa wa Nairobi alikuwa mmoja wa watu 32 duniani wenye kazi hiyo, akimkinga mtu aliyekuwa ametwaa Super Bowl Februari 2014. Wanaoikalia nafasi hiyo kwa miaka 10 ni wachache sana, na wengi wao huchaguliwa mapema, hupewa muda, hufundishwa nafasi moja tangu shuleni na hawavunjiki kifundo. Odhiambo hakuwa na hata moja kati ya hayo kwa ukamilifu.

Kuna upande mwingine wa hadithi ya wakingaji ambao haupendezi, nao uligunduliwa na Mwafrika. Mike Webster alikuwa mkingaji wa kati wa Pittsburgh Steelers, shujaa wa mataji manne ya Super Bowl, aliyecheza misimu 17 kati ya 1974 na 1990. Alipofariki 2002 akiwa na umri wa miaka 50, alikuwa amepoteza kumbukumbu na kuishi maisha ya kutangatanga. Dkt Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya uchunguzi wa maiti mjini Pittsburgh, aliupasua ubongo wake na kuona alama za ugonjwa unaosababishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Aliandika matokeo yake 2005. Madaktari waliohusiana na ligi walimtaka ayaondoe. Hakuyaondoa.

La muhimu kwa wakingaji ni kwamba uharibifu huu hauhitaji kishindo kikubwa kimoja cha kumzimisha mtu. Vigongo vidogo vidogo, kofia kwa kofia, kila jaribio, kila mazoezi, kwa miaka, vinatosha kuzua hofu. Hakuna wanaogongana mara nyingi kuliko wakingaji na walinzi wanaowakabili. Julai 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walieleza kwamba walikuta dalili za ugonjwa huo katika bongo 110 kati ya 111 za waliokuwa wachezaji wa NFL. Bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi tayari zilikuwa na shaka, kwa hivyo haimaanishi kwamba kila mchezaji ataugua. Hata hivyo, siku mbili baadaye John Urschel, mkingaji wa Baltimore Ravens mwenye umri wa miaka 26, alitangaza kustaafu. Alikuwa akisomea shahada ya uzamifu ya hisabati katika taasisi ya MIT, na akaenda kuimaliza.

Mwezi huo huo Odhiambo alikuwa akijiandaa kwa kambi ya mazoezi ya msimu wake wa pili.

Tangu wakati huo mlango wa NFL kwa watu wa mataifa ya nje umepanuliwa. Mwaka 2017 ligi ilianzisha mpango maalum wa kuwasaka na kuwafundisha wachezaji wasiotoka Marekani, na tunda lake kubwa hadi sasa ni mkingaji wa kushoto. Jordan Mailata, Mwaustralia mwenye asili ya Samoa, alikuwa mchezaji wa raga ya ligi, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ambaye hakuwa amecheza futiboli hata mechi moja Philadelphia Eagles walipomteua 2018, akiwa wa 233. Walimfundisha kwa miaka miwili bila haraka kabla ya kumpa mechi ya kuanza. Mnamo 2021 alitia saini mkataba wa dola milioni 64 kwa miaka minne, na Februari 2025 alikuwa pembeni kushoto Eagles walipowabomoa Kansas City 40-22 na kutwaa Super Bowl. Tofauti kati yake na Odhiambo haiko katika misuli pekee. Mmoja alipewa miaka miwili ya kukosea mazoezini, mwingine akakosea mbele ya taifa.

Afrika nayo imefikiwa. Kambi ya kwanza ya vipaji ya NFL barani ilifanyika Accra, Ghana, 2022, na mwaka uliofuata ikaja Nairobi. Wanaotafutwa katika kambi hizo ni vijana warefu wa raga na mpira wa vikapu, na mkufunzi hupima urefu wa mikono, upana wa viganja na namna mtu mzito anavyogeuka akikimbia, kabla hata hajamuuliza kama anaujua mchezo. Mwalimu wa Runyenjes au Meru mwenye mwanafunzi wa kilo 130 anayeweza kucheza voliboli bila kuhema ana kila sababu ya kulikumbuka hilo.

Lakini mchezo utakaoonekana katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles 2028, na ambao ligi hiyo inausukuma zaidi mashuleni kote duniani kwa kuwa hauhitaji kofia wala hospitali, ni ule wa bendera. Huchezwa na watano kwa watano. Badala ya kumwangusha mwenye mpira, mpinzani huchomoa kitambaa kinachoning'inia kiunoni mwake. Kugusana ni kosa, na kumkinga mwenzako kwa mwili ni kosa vilevile. Kila mchezaji anaruhusiwa kukimbia, kudaka na kufunga, na katika kikosi hicho cha watano hakuna nafasi ya mkingaji.